Nyuso Thelathini na Moja

Chumdo, Jumamosi, 27 Aprili 2013

Mama Rubab, mke wangu,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, ila tumbo tu. Tangu nifike huku Jumanne wananilisha kana kwamba nimetoka jela. Asubuhi chai ya chumvi na siagi, mchana tambi kwa mchuzi wa kokwa za jozi, jioni tambi zile zile. Nikisema nimeshiba, bibi mwenye nyumba ananitazama kama nimemtukana.

Bibi huyu anaitwa Api Kaneez. Huku kila bibi ni Api, lakini huyu akikohoa kijiji kizima kinanyamaza. Wajukuu wake saba ni wapagazi wa mlimani, na tarehe kumi na saba mwezi ujao wanaondoka na wageni wanaokuja kupanda. Kabla hawajaondoka anataka picha moja ya ukoo mzima, watu thelathini na mmoja. Ndiyo kazi niliyoitiwa.

Picha nimeipiga juzi Alhamisi, na kwa kweli imetoka nzuri. Mlima nyuma umelainika kama krimu, na wazee wa mstari wa mbele unaweza kuwahesabia ndevu. Kuna kasoro ndogo, mistari ya nyuma imeingia ukungu kidogo. Mimi naona huo ndio usanii wenyewe, lakini hawa watu hawaridhiki upesi. Hebu niambie, kwa maongezi tu, wewe ungefanyaje?

Ningeshuka leo na Rustam dereva, lakini wenyeji hawaniachi. Ukarimu wa huku ni kama kufungiwa ndani. Simu nayo huku ni tochi tu, haishiki popote, ndiyo maana nakuandikia. Ile safari yako ya Gilgit usiitie wasiwasi, siku bado nyingi.

Mbusu Rubab. Msalimie Mama yangu.

Wako,
Nisar


Skardu, Jumanne, 30 Aprili

Baba Rubab,

Waaleikum salaam. Barua yako nimeisoma nikacheka mpaka Mama akagonga ukuta kuuliza kama nimepagawa.

Ati kwa maongezi tu. Ulifungua lenzi mpaka mwisho, sivyo? Moja nukta nane. Nakujua, unapenda mlima ulainike kama krimu. Nilikwambia ulipokuwa unafunga mkoba, nawe ukaniitikia huku unatafuta soksi: namba ndogo ni tundu kubwa, na tundu likiwa kubwa, kinachotoka wazi ni utepe mwembamba tu. Aliye ndani ya utepe anaonekana mpaka kope. Aliye hatua moja nyuma amekwenda na maji. Hiyo ni ya kumpigia bibi harusi peke yake. Ukoo haupigwi hivyo.

Sasa sikiliza. Funga lenzi hadi nane, ikibidi kumi na moja. Itakuwa giza kidogo, kwa hiyo pandisha ISO, ile namba ya kamera kushika mwanga, hadi mia nne au mia nane, na kamera ikae kwenye stendi ya miguu mitatu, isikae kwenye mikono yako inayotetemeka kwa chai ya chumvi. Rudi nyuma hatua kumi, maana ukiwakaribia watu ule utepe unazidi kuwa mwembamba. Fokasi iweke kwenye mstari wa pili. Mstari wa mbele ukiushika wewe, wa mwisho unaupoteza. Wabane wasogeleane, kifua cha huyu kiguse mgongo wa yule. Na kama kuna paa, panda juu ya paa uwapige kutoka huko. Wakikutazama juu, nyuso zote zinakuwa karibu umbali mmoja kutoka kwako, na mambo yamekwisha.

Hayo ni yako. Sasa langu.

Usaili ni Alhamisi tarehe kumi na sita, saa tatu asubuhi, Gilgit. Chuo cha ufundi cha wasichana kinataka mwalimu mmoja wa kupiga picha, mmoja tu. Kila anayekuja aje na kamera yake, apewe kundi la wasichana awapige pale pale mbele ya wakubwa. Wewe ndiye uliyenisomea tangazo hilo gazetini. Wewe ndiye uliyesema nenda, Mama tutamwambia baadaye. Nimeuza bangili zangu za harusi kununua hiyo kamera, Baba Rubab, na nimekuazima kwa siku tano. Leo ni ya saba.

Sheria ya nyumba hii unaijua, mume akiwa safarini mke haonekani njiani. Tangu uondoke sijavuka lango. Nashinda chumba cha nyuma nasafisha picha za harusi kwenye kompyuta, na dukani mbele wateja wanamwambia binamu yako, mpe Nisar hongera, mkono wake ni mwepesi. Barua hii Rubab ataipitisha chini ya lango Rustam akipiga honi.

Rudi na kamera. Ukichelewa wewe nitavumilia, kamera isichelewe.

Wako,
Batool


Chumdo, Jumamosi, 4 Mei

Mama Rubab,

Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma.

Nimefanya yote uliyosema, au karibu yote. Nimefunga lenzi hadi nane. Nimerudi nyuma mpaka nikaingia kwenye mfereji wa maji, kiatu kimoja bado hakijakauka. Shida si lenzi. Shida ni wanawake.

Wako kumi na wanne, na Api ameamuru wawemo wote. Wanakuja, wanasimama, lakini mimi ni mwanaume mgeni, kwa hiyo wanasimama kule chini ya miti ya aprikoti, hatua nne au tano nyuma ya wanaume, shali mpaka puani. Nikisema dada zangu sogeeni kidogo, Haji Muhsin, mtoto mkubwa wa Api, anakohoa. Wakisikia kikohozi wanarudi nyuma hatua nyingine. Nikishika wanaume, wanawake ni ukungu. Nikishika wanawake, wazee wanageuka mizimu. Nilipofunga hadi kumi na sita jua lilikuwa limekwisha kwenda nyuma ya mlima, kamera ikawa nzito kufunga jicho, na mtoto wa Haji akapiga chafya. Ilitoka picha ya watu wenye vichwa viwili.

Kuhusu paa, nilipanda. Wanawake wote wakakimbilia ndani, maana ukiwa juu ya paa unaona mpaka jikoni kwa watu. Nusura nipigwe.

Na sasa balaa jingine. Barabara imekatika pale darajani. Jiwe kama nyumba limelala katikati ya njia, hakipiti kitu, si gari si punda. Nimefungwa, mke wangu. Nimefungwa kama mbuzi wa sikukuu, nalishwa vizuri na sina pa kwenda. Asubuhi naamka naona ukuta wa mlima huku na ukuta wa mlima kule, na Api katikati na birika lake. 

Wewe angalau uko nyumbani.

Wako,
Nisar


Skardu, Jumanne, 7 Mei

Baba Rubab,

Barua yako ililetwa na Rustam. Alifika Jumamosi jioni na gari lake lile lile, abiria sita, magunia matatu ya viazi na mbuzi wawili. Nikamwuliza nikiwa nyuma ya lango, kaka Rustam, lile jiwe la darajani mlilivukaje? Akasema, jiwe gani shemeji?

Basi nimekaa nafikiri. Viazi vimepita. Mbuzi wamepita. Barua imepita, na ndani yake imeandikwa kwamba hakipiti kitu. Hivi wewe bwana, uliponiandikia hilo la jiwe ulidhani nani ataniletea hiyo barua, kunguru?

Ati mimi angalau niko nyumbani. Ngoja nikuambie nyumbani kulivyo. Jana Rubab alikuwa na homa. Nikamwomba Mama ufunguo wa lango nimpeleke kwa daktari, nyumba ya nne kutoka hapa, unaweza kumsikia akinawa mikono. Mama akasema subiri binamu afunge duka. Nikasubiri kutoka adhuhuri mpaka magharibi na mtoto anawaka mapajani mwangu. Amepona, alhamdulillahi, ilikuwa meno ya nyuma. Lakini nilikaa langoni nikaitazama barabara kupitia tundu la komeo, na tundu hilo, nakuambia kweli, ni dogo kuliko kumi na sita. Nimekiona kila kitu barabarani wazi kabisa, karibu na mbali, na hakuna nilichoweza kukigusa.

Nimechoka, Nisar. Naona nimekuita jina, na sifuti.

Sitaki kusikia habari za tambi. Niandikie mambo mawili tu, na usitie chumvi. Kwa nini hutaki kushuka? Na kamera yangu iko wapi?

Batool


Chumdo, Alhamisi, 9 Mei

Batool,

Hakuna jiwe.

Kamera iko ndani ya sanduku la Api, lile la unga, na ufunguo uko shingoni kwake. Iko huko tangu ile Alhamisi ya kwanza. Anaitoa nikitaka kujaribu, nikimaliza anairudisha. Nimekuficha siku kumi na nne, na kila nilipoandika nilijiambia barua ijayo nitasema.

Siku ile nilipomwonyesha picha kwenye kioo cha kamera, alitaka kumwona Ilyas, mdogo wa wale wajukuu saba, ana miaka kumi na tisa, ndiyo kwanza anakwenda mlimani. Nikaikuza. Ilyas alikuwa mstari wa tatu. Hana macho, hana mdomo, doa la rangi ya ngozi tu. Api hakupiga kelele. Aliingia ndani akarudi na picha ya zamani iliyokunjwa, ya miaka kumi na mitano. Ukoo wote umo na wote wanaonekana, isipokuwa mwanawe Hasan aliyesimama pembeni, uso wake umefutika kama moshi. Miezi miwili baada ya picha ile Hasan alipanda na mzigo wa wageni na hakushuka. Mpaka leo yuko juu kule kwenye barafu. Mpiga picha yule alikuwa ameahidi kupiga nyingine na kuwaletea. Aliondoka na hawakumwona tena.

Basi Api akanivua kamera shingoni, taratibu, kama anayemvua mtoto koti. Akasema haitoki hapa mpaka kila uso uwe wazi, na picha ya karatasi iwe mkononi mwake.

Mimi mwenyewe hakuna aliyenizuia. Ningeweza kupanda gari la Rustam siku yoyote. Lakini nije nisimame mbele yako mikono mitupu nikuambie nini? Naona haya, mke wangu. Kila asubuhi nasema leo nitaipata, kila jioni kamera inarudi kwenye unga. Zimebaki siku saba za usaili wako na nane za hawa vijana, na mimi sijui tena la kufanya. Niambie ulijualo na nitalifanya.

Nisar


Chumdo, Alhamisi, 9 Mei
Kwa mkono wa mjukuu wangu Sogra, darasa la tisa

Kwa mama yake Nisar mpiga picha,

Salaam nyingi. Hatujawahi kuonana, lakini mwanao amekula kwangu siku kumi na saba, kwa hiyo tunajuana.

Mwanao ni mtoto mzuri. Ana adabu, anasali kwa wakati, anakula bila kuchagua. Kupiga picha hajui.

Hili nimeligundua hivi. Rustam akifika na barua, siku ya pili yake mwanao anaamka na akili. Anafunga hiki, anafungua kile, anatuambia tubanane. Ikipita siku mbili akili imeisha, anasubiri barua nyingine. Nikamwuliza, mwalimu wako nani? Akasema mzee mmoja mjini. Nikamwuliza, mke wako je, naye anaijua kazi hii? Akacheka, akasema mke wangu anajua kuchemsha chai.

Jana alimpa Sogra koti amshonee kifungo. Ndani ya mfuko kulikuwa na barua, na Sogra ana tabia mbaya ya kusoma kila kitu, nimempiga kofi, kisha nikamwambia anisomee. Huyo mzee wa mjini anajiita Batool. Ndiye anayejua. Na Sogra ananiambia mke wa mwanao ana safari ya Gilgit tarehe kumi na sita, kwenye kazi ya kufundisha wasichana, na anaitaka kamera yake. Kamera ninayo mimi.

Mwanamke mwenzetu akisimama mbele, wake za wanangu watasogea. Watakaa hata mapajani mwa waume zao nikiwaambia. Wajukuu zangu saba wanaondoka Ijumaa ijayo. Mmoja nilimpeleka mlimani bila uso. Sitampeleka wa pili.

Niletee mke wa mwanao. Najua mke hatoki mume akiwa safarini, na mimi nililelewa hivyo hivyo. Lakini huku ndiko mumewe aliko, kwa hiyo anakuja kwa mume. Kama unaogopa njia, njoo naye. Nina miaka themanini na mbili na sijawahi kuomba kitu kwa nyumba ya mtu.

Kaneez, mama wa Muhsin na wa Hasan


Skardu, Ijumaa, 10 Mei

Api Kaneez,

Nabusu mkono wako. Barua yako imefika jana jioni, na kwa kuwa Mama hajui kusoma, nilimsomea mimi.

Nilipofika pale penye kuchemsha chai niliiweka barua chini, nikanywa maji. Nilipofika pale penye Gilgit nikaona macho yangu yanaruka mstari yenyewe. Ningeweza kuuruka, Api. Asingejua. Nimeishi nyumba hii miaka sita nikiruka mistari. Lakini niliona, kama wewe mgeni umeyajua yangu yote na bado unaniita, basi na atakayekasirika akasirike leo. Nikaisoma barua yote, polepole, mpaka jina la Hasan.

Mama aliinuka. Alikwenda akakoroga mchuzi ambao haukuwa na haja ya kukorogwa. Baada ya sala ya isha akaja mlangoni kwangu akauliza, ni kweli wanawake wa kwake hawasogei? Nikasema ni kweli. Akauliza, na wewe ukiwaambia watasogea? Nikasema watasogea. Akasema, kwanza kazi ya yule bibi, hayo mengine tutazungumza. Kisha akafungua kabati akatoa koti lake la sufu ambalo sijawahi kumwona amelivaa, akalipigapiga vumbi uani.

Rustam nimemwomba atupandishe Jumatatu, mimi, Mama na Rubab. Jumanne asubuhi nitapiga. Tafadhali, watu wote wawe wamevaa na wamekula kabla jua halijafika juu ya ukuta. Na paa liwe limefagiwa.

Mume wangu usimwambie kitu.

Mwanao,
Batool


Chumdo, Jumamosi, 18 Mei

Batool,

Sijui umefika salama Gilgit au la, sijui umeulizwa nini, sijui chochote. Nimekaa hapa na kazi yangu ni kumwaga maji kwenye bustani ya vitunguu. Watoto wananiita Rehani. Rehani njoo ule, Rehani shika ndoo.

Niruhusu nikusimulie siku ile ya Jumanne kwa upande wangu, maana hukunipa nafasi ya kusema hata neno. Haji Muhsin alinipeleka nyuma ya zizi, akaniambia geuka uso ukutani, wanawake wanatoka. Basi picha niliyoihangaikia wiki tatu mimi sikuiona ikipigwa. Nilitazama mawe ya zizi na kusikiliza.

Nilisikia ngazi ikigonga paa. Nikasikia sauti yako, nayo haikuwa sauti ya nyumbani. Ulisema wazee wakae chini, wanawake wapige magoti nyuma yao, vijana wasimame. Nikasikia kikohozi cha Haji. Ukasema, Haji, ukikohoa tena kichwa chako kitakuwa viwili. Wanawake wakacheka, na kicheko kile kilikuwa kinasogea mbele. Wewe hujui kilichonipata pale ukutani. Nimekaa nawe miaka sita, sijawahi kusikia watu thelathini wanakutii. Nilitaka kugeuka nikuone na nikaogopa, si Haji, nilikuogopa wewe.

Ukahesabu, mmoja, wawili, msipumue. Mara kumi au kumi na mbili. Kisha Sogra akapanda juu nanyi mkawa mnakuza uso mmoja mmoja kwenye kioo, yeye akiita majina na Api akiitikia kutoka chini. Yupo. Yupo. Yupo. Alipoita Ilyas, Api alimkatiza. Akauliza, macho yanaonekana? Sogra akasema, Api, mpaka kile kikovu cha nyusi. Nikamsikia mama mtu mzima yule analia, na mimi nikalia na mawe yangu.

Sasa nieleze, kama una la kunieleza. Api alisema hataki kudanganywa tena, picha ya karatasi haijafika, kwa hiyo lazima kitu kibaki. Kamera au mtu. Nilikuwa nimesimama pale. Ukanitazama, ukamtazama Api, ukasema, kamera naihitaji. Hukuchukua hata muda wa kumeza mate. Na Mama yangu mzazi, aliyenizaa, akasema ni haki.

Vijana wameondoka jana alfajiri. Api aliwashika nyuso mmoja mmoja. Tangu hapo yuko mlangoni anangoja picha, na mimi nangoja naye.

Lile la chai nililisema. Nililisema kwa sababu walikuwa wananiita ustadhi na nilitaka waendelee. Sina sababu nyingine, nimeitafuta hapa kwenye vitunguu sijaiona. Nisamehe. Leta picha niondoke, Batool. Safari hii nimefungwa kweli, na jiwe sikulitunga.

Nisar


Skardu, Jumanne, 21 Mei

Baba Rubab,

Tulifika Gilgit Jumatano usiku, mifupa imelegea, Mama ametapika mara tatu na hakuna aliyemsikia akilalamika. Asubuhi tulikuwa tisa. Wanane walikuja na lenzi ndefu kuliko mkono wangu. Tukapewa wasichana arobaini kwenye ngazi za chuo. Wenzangu walianza kurudi nyuma mmoja mmoja wakitafuta mahali. Mimi niliwaambia wasichana waje chini ya ngazi wabanane, nikapanda juu mwenyewe. Fokasi mstari wa pili, namba nane. Nilipiga sita nikawapa kamera. Mwanamke mkubwa wao aliikuza sura moja moja kama Sogra. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi na koti lake, akamwambia jirani yake, huyo ni wa kwangu.

Nafasi wamenipa. Kazi inaanza tarehe moja Juni. Kuna chumba na jiko ndani ya chuo, cha mwalimu na mtoto wake, na wanataka jibu kabla ya tarehe ishirini na nane.

Njia nzima ya kurudi nilimngoja Mama aseme. Tulipovuka daraja akasema, nimeona kazi yako, siwezi kusema sijaona. Lakini wewe ni mke wa mtu. Mwanangu akisema nenda, mimi mwenyewe nitakufungashia vyombo. Asiposema, lango ni lile lile. Nikamwambia alikwisha sema, mwezi wa tatu. Akasema, alisema wapi? Nikakosa pa kumwonyesha, maana uliniambia kitandani.

Umeniomba msamaha, nami nimeupokea. Sitakuficha kuwa liliniuma kuliko lile la jiwe, na bado linauma nikimimina maji ya chai. Nakuamini unaposema hukuwa na sababu. Ila ahadi zako nimezizoea, Baba Rubab. Zinatoka nzuri, halafu ukizikuza ni ukungu.

Picha ya Api imechapwa tangu jana, kubwa, kwenye karatasi nzuri. Nyuso thelathini na moja, hakuna hata mmoja wa kumtafuta. Imelala mezani kwangu ndani ya kadibodi.

Rustam anapanda kesho na bahasha hii, picha atapanda nayo safari ya pili. Ndani utakuta karatasi nyingine. Nimeiandika mimi, mistari mitatu, kwamba wewe Nisar umeridhika mkeo Batool aende Gilgit kufundisha, yeye na Rubab, na kwamba utawafuata ukipenda. Isome kwa Api na Haji Muhsin wawe mashahidi, kisha weka sahihi chini. Rustam akishuka nayo Alhamisi na Mama akaishika mkononi, Ijumaa picha inapanda, na Jumamosi wewe unashuka.

Ukiona ni vigumu, sikulazimishi. Api ananiambia mwezi wa saba aprikoti zinaiva zote kwa mpigo, na wachumaji huwa hawatoshi.

Kalamu nimeiweka humo humo kwenye bahasha, usije ukaniambia huko hakuna.

Batool